Amonia ni jahazi la haidrojeni, lakini uliza limetoka bandari gani

Sur tunaijua kwa majahazi. Mabaharia wake walishuka na upepo wa kaskazi mpaka Lamu, Mombasa na Unguja wakiwa na tende na chumvi, wakarudi na kusi wamepakia boriti za mikoko. Wapo wengi miongoni mwetu ambao babu zao walifika pwani ya Afrika kwa vyombo hivyo hivyo. Leo Sur ina kitu chengine cha kuonyesha wageni. Katika eneo lake la viwanda kuna kiwanda kikubwa cha mbolea, ubia wa Oman na India, kilichoanza kazi mwaka 2005. Kabla ya kufikia zile chembe nyeupe za yurea ambazo mkulima anazijua, kiwanda cha namna hii hutengeneza kwanza gesi moja kali sana inayoitwa amonia. Waarabu wanaiita nushadir.

Kwa miaka mingi amonia ilikuwa mambo ya mbolea na viwanda vya barafu tu. Hakuna aliyeizungumza barazani. Lakini siku hizi, ukifungua khabari za uchumi za Ghuba, huwezi kupita wiki bila kulisikia jina hili: amonia ya Duqm, amonia ya Salalah, amonia ya Neom. Inaitwa mafuta ya kesho. Inaitwa nishati safi. Vijana wetu wanaomaliza skuli wanaambiwa kasomeni haidrojeni, huko ndiko kazi zitakakokuwa. Wazee nao wanauliza: jamani, mbolea imekuwaje petroli?

Ni suali zuri, na lina jawabu. Tulichukue taratibu, kama darasani.

Harufu unayoijua

Amonia umeshakutana nayo hata kama hukuambiwa jina lake. Ukifungua banda la kuku lililokaa siku nyingi bila kusafishwa, ile harufu inayokupiga puani na kukutoa machozi ndiyo yenyewe. Imo katika baadhi ya dawa za kutia rangi nywele na za kusafishia vioo. Hata jina lake lina asili ya jirani zetu: linatokana na hekalu la kale la Amoni katika jangwa la Siwa, Misri, kwa sababu chumvi ya amonia ilihusishwa na sehemu zile.

Umbo lake ni jepesi. Chembe moja ya naitrojeni imeshikana na chembe tatu za haidrojeni, basi. Naitrojeni ndiyo hewa tunayovuta: asilimia 78 ya hewa iliyotuzunguka ni naitrojeni. Haidrojeni ndiyo ile iliyomo ndani ya maji. Ukipima kwa uzito, katika kila kilo 100 za amonia, kilo 17 na ushei ni haidrojeni. Na hapo ndipo maneno yote haya yanapoanzia, kwa sababu anayetafutwa khasa ni haidrojeni. Amonia ni chombo cha kumpakia tu.

Kwa nini haidrojeni anahitaji chombo

Haidrojeni ni mafuta mazuri. Ukiitia katika kifaa wanachokiita wataalamu seli ya mafuta, unapata umeme na maji. Hakuna moshi wala masizi. Jina lisikupoteze, hakuna mafuta ya kunuka wala moto ndani yake. Seli hiyo ina kuta mbili na baina yao kizuizi chembamba. Haidrojeni inaingia upande mmoja, inagawanyika vipande viwili. Kipande kimoja kinaruhusiwa kupenya kizuizi, chengine hakiruhusiwa, kinalazimika kuzunguka nje kupitia waya. Kule kuzunguka kwenye waya ndiyo umeme wenyewe. Upande wa pili vipande vinakutana tena, vinachanganyika na oksijeni ya hewani, na kinachotoka ni maji. Mwanasayansi wa Wales William Grove alionyesha jambo hili tangu karne ya 19, na vyombo vya Apollo vilivyowapeleka watu mwezini vilipata umeme wao kwa njia hiyo hiyo.

Sasa shida iko wapi? Haidrojeni ni gesi nyepesi kuliko zote duniani, na kubebeka haikubali. Ukitaka kuigeuza iwe maji maji uiweke kwenye tangi, lazima uipoze mpaka digrii 253 chini ya sifuri. Ukitaka kuiacha iwe gesi, lazima uibane. Gari la haidrojeni kama Toyota Mirai hubeba chini ya kilo 6 tu, na ili zienee, hubanwa kiasi cha mara 700 ya mgandamizo wa hewa ya kawaida. Kwa gari moja inawezekana. Kwa meli nzima inayotoka Duqm kwenda Rotterdam au Yokohama, ni gharama za kutisha.

Amonia haina usumbufu huo. Inakuwa maji maji kwa digrii 33 tu chini ya sifuri, au ukiibana kidogo ndani ya mtungi, si mbali sana na gesi yetu ya kupikia. Na hapa kuna jambo la kushangaza ambalo wanafunzi huwa hawaliamini mpaka wapige hesabu wenyewe. Tangi la mita moja ya ujazo ukilijaza haidrojeni tupu iliyogandamizwa kwa baridi ile ya digrii 253, utapata kama kilo 71. Tangi hilo hilo ukilijaza amonia iliyopozwa, ndani yake mna haidrojeni kama kilo 120. Yaani chombo kinabeba haidrojeni nyingi kuliko haidrojeni inavyojibeba yenyewe.

Ifikirie molekuli ya amonia kama jahazi: naitrojeni ndiye nahodha, haidrojeni tatu ndio abiria. Akishawafikisha abiria wake, nahodha anarudi zake hewani alikotoka, na hewa haichafuki kwa sababu naitrojeni ndiko kwao.

Isitoshe, dunia ina uzoefu na jahazi hili. Mjerumani Fritz Haber alionyesha namna ya kuunganisha naitrojeni na haidrojeni mwaka 1909, Carl Bosch akaifanya kazi ya kiwanda, na kiwanda cha kwanza kikubwa kikafunguliwa Oppau mwaka 1913. Leo dunia inatengeneza tani kama milioni 180 za amonia kila mwaka. Meli za kuibeba zipo, na bandari zenye matangi yake ni zaidi ya mia moja. Haidrojeni tupu haina miundombinu ya namna hiyo.

Kuwashusha abiria

Kupakia ni kazi moja, kupakua ni kazi nyengine. Amonia ikifika inakokwenda, lazima haidrojeni itolewe. Kinachofanyika ni kuipitisha amonia kwenye joto kali, digrii 500 na kwenda juu, ikiwa juu ya kichocheo cha madini kama nikeli au ruthenia. Hapo inavunjika: robo tatu ya gesi inayotoka ni haidrojeni, robo ni naitrojeni.

Lakini si zote huvunjika. Chembe chache za amonia hubakia, na seli za mafuta za aina inayotumika kwenye magari hazizivumilii kabisa. Waliosoma kemia kidogo watakumbuka tindikali na alkali: ukizichanganya zinauana nguvu. Kile kizuizi chembamba ndani ya seli ya gari ni cha tindikali, na amonia ni alkali. Kwa hivyo amonia inakilemaza. Kanuni ya kimataifa ya haidrojeni ya magari inataka amonia isizidi sehemu moja katika sehemu milioni 10. Ni sawa na kuambiwa utafute punje moja ya mchele mbaya katika magunia kadhaa, na uitoe.

Ziko njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kusafisha haidrojeni sawa sawa kabla ya kuitia kwenye seli. Ndiyo njia iliyofuatwa na kampuni ya Amogy ya Marekani. Mwezi wa Septemba 2024 walichukua boti kuukuu ya kuvutia meli, iliyoundwa mwaka 1957, wakaitia tangi la amonia, mtambo wa kuivunja na seli za mafuta, wakaipa jina NH3 Kraken, ikatembea kwenye tawi la mto Hudson, jimbo la New York. Mwendo ulikuwa mfupi, lakini ilionekana kwamba jambo hili linafanyika majini na si kwenye karatasi peke yake.

Njia ya pili ni kutumia seli za mafuta za aina nyengine, zinazofanya kazi katika joto la digrii 700 au zaidi. Hizi ni ngumu kama vyungu vya udongo, haziogopi amonia. Unaweza kuitia moja kwa moja, nayo ikavunjika humo humo ndani. Kasoro yake ni kuwa zinachelewa kupata moto na hazipendi kuwashwa na kuzimwa kila saa. Kwa hivyo hazikufai kwa gari la kumpeleka mtoto skuli. Zinafaa meli inayokwenda wiki tatu bila kusimama, au mtambo wa umeme wa hospitali.

Tuweke wazi jambo moja hapa, kwa sababu magazeti huchanganya. Kutia amonia kwenye seli ya mafuta si sawa na kuichoma. Japani, katika kituo cha umeme cha Hekinan, mwaka 2024 walijaribu kuchoma amonia pamoja na makaa ya mawe, kwa kiasi cha moja ya tano. Mwaka 1943, wakati wa vita vikuu, mabasi ya Ubelgiji yalitembea kwa amonia kwa kukosa dizeli. Yote hayo ni moto, na moto wa amonia usipodhibitiwa hutoa hewa za naitrojeni zenye madhara, mojawapo ikiwa inalipasha joto anga kuliko hewa ya ukaa zaidi ya mara 200. Seli ya mafuta haina moto wa namna hiyo, na ndiyo maana watafiti wanaihangaikia ingawa ni ghali.

Limetoka bandari gani?

Tumefika kwenye kiini cha maneno. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Meli ikipita mbele yako haitoi moshi, usikimbilie kusema ni safi. Uliza mafuta yake yaliundwa wapi, na kwa kitu gani.

Amonia karibu yote iliyopo duniani leo inatengenezwa kwa gesi asilia au makaa ya mawe. Haidrojeni inatolewa kwenye gesi, na kaboni iliyobaki inaachiwa hewani. Ukitumia gesi asilia, kila tani moja ya amonia inaacha nyuma yake karibu tani 2 za hewa ya ukaa. Hiyo wanaiita ya kijivu. Kazi hii peke yake inachangia kama asilimia 2 ya hewa ya ukaa inayotolewa na wanaadamu wote. Sasa mtu akichukua amonia hiyo, akaivunja, akaitia kwenye seli ya mafuta, akakwambia meli yangu haitoi moshi, amesema kweli, lakini moshi wake aliuacha nyumbani kwa mtu mwengine.

Ya pili ni ya buluu. Inatengenezwa kwa gesi vile vile, ila hewa ya ukaa inakamatwa na kuzikwa ardhini au kutumika kwengineko. Saudi Arabia ilipeleka Japani shehena ya kwanza ya namna hiyo mwaka 2020, tani 40. Usafi wake unategemea mambo mawili: wamekamata kiasi gani, na gesi imevuja kiasi gani njiani kabla haijafika kiwandani.

Ya tatu ni ya kijani. Haidrojeni yake inatolewa kwenye maji kwa umeme wa jua, upepo au mito. Na hii wala si bidaa ya leo. Aswan, Misri, kiwanda cha Kima kilianza mwaka 1960 kutengeneza mbolea kwa umeme wa Mto Nile. Kwekwe, Zimbabwe, walivunja maji kwa umeme tangu miaka ya 1970 mpaka 2015, umeme ulipokuwa adimu na ghali. Afrika ilikuwa na amonia ya kijani kabla rangi hizo hazijapewa majina. Kilichoiua si elimu, ni bei ya umeme.

Basi ukisikia neno amonia limeandamana na neno safi, rangi yake ndiyo suali la mwanzo.

Hesabu ya njiani

Suali la pili ni la hesabu, na hapa wauzaji wengi huharakisha kupita.

Kutengeneza kilo moja ya amonia ya kijani kunataka umeme kama yuniti 10. Ndani ya kilo hiyo mna nishati ya yuniti 5 na kidogo. Nusu imeshapotea kabla meli haijang'oa nanga. Ukiivunja upate haidrojeni na kuisafisha, unabakiwa na yuniti 4 hivi. Ukiitia kwenye seli ya mafuta, ambayo hugeuza kama nusu kuwa umeme, unapata yuniti 2. Zimeingia 10, zimetoka 2. Kwa zile seli za joto kali unaweza kukaribia 3.

Umeme huo huo ungeupeleka kwa waya na kuchaji gari la betri, yuniti 7 au 8 zingefika kwenye magurudumu. Kwa hivyo mtu akikwambia kesho utanunua gari la amonia Muscat au Dubai, mwambie atulie. Kwa magari, betri imeshashinda hesabu hiyo.

Lakini waya haufiki Japani, na betri haiwezi kuipeleka meli ya makontena kutoka Jebel Ali mpaka Mombasa na kuendelea. Hapo ndipo amonia ina hoja. Meli za dunia zinatoa karibu asilimia 3 ya hewa ya ukaa, na mwezi wa Julai 2023 Shirika la Kimataifa la Bahari lilikubaliana kuzifikisha kwenye sifuri karibu na mwaka 2050. Tangi la amonia litakuwa kubwa karibu mara 3 kuliko la dizeli kwa safari ile ile, lakini litaenea. Ukilinganisha na betri zingejaza meli pasiwe na nafasi ya mzigo, hilo ni jambo la kuvumilika.

Upepo ule ule wa kusi

Kwa nini Oman? Kwa sababu ya jua, bila ya shaka, lakini zaidi kwa sababu ya upepo. Kusi, ule upepo uliokuwa ukiyarudisha majahazi kutoka Unguja, ndio huo huo unaoleta kharifu Dhofar na kuvuma kwa nguvu juu ya Duqm kuanzia Juni mpaka Septemba. Kule Harweel, Dhofar, mashine 13 za upepo zenye uwezo wa megawati 50 zilikamilika mwaka 2019. Jua linafanya kazi mchana, upepo unaendelea usiku. Mashine za kuvunja maji ni ghali, na hazitakiwi kukaa bure, kwa hivyo pahali penye jua na upepo pamoja ni neema.

Mwaka 2022 serikali ya Oman iliunda shirika la Hydrom kusimamia kazi hii, na limekuwa likitoa vitalu vya ardhi Al Wusta na Dhofar kwa makampuni ya nchi mbalimbali. Shabaha iliyotangazwa ni angalau tani milioni 1 za haidrojeni kwa mwaka ifikapo 2030, na mpaka milioni 8.5 ifikapo 2050. Sehemu kubwa itasafirishwa ikiwa amonia. Mradi wa kampuni ya ACME ya India pale Duqm umetia saini na Yara ya Norway kuuza tani 100,000 za amonia kwa mwaka katika awamu yake ya kwanza. Saudi Arabia nayo inajenga Neom mtambo uliokusudiwa kutoa tani milioni 1.2 za amonia kwa mwaka.

Wapo wanaouliza: maji je? Nchi hii inakunywa maji ya bahari yaliyosafishwa, tutayapoteza kwa haidrojeni? Hesabu inatuliza moyo kidogo. Kilo moja ya haidrojeni inataka kama lita 9 za maji kwa kuvunjwa tu, ukiacha ya kupozea. Kuyasafisha maji hayo kutoka baharini kunakula umeme mdogo mno ukilinganisha na yuniti 50 na zaidi zinazotumika kuyavunja. Shida si umeme wa kusafisha. Shida ni ile chumvi nzito inayorudishwa baharini, penye nguo na changu na kamba wanaotegemewa na wavuvi. Hilo wakaazi wa pwani wana haki ya kuliulizia kabla ya mtambo kujengwa.

Na tusidanganyane: si kila mradi uliotangazwa utajengwa. Katika miaka hii miwili mitatu, miradi kadhaa duniani imesogezwa mbele au kufutwa, kwa sababu amonia ya kijani bado ni ghali kuliko ya kijivu na wanunuzi wanaokubali kulipa tafauti hiyo ni wachache. Serikali inapotangaza shabaha ni nia. Mnunuzi anapotia saini ya miaka 10 au 15 ndiyo biashara.

Sumu haibadiliki kwa kuitwa safi

Amonia ni sumu. Faida yake ni kuwa pua inaigundua mapema sana, hata ikiwa chembe chache tu hewani, na kwamba haishiki moto kwa urahisi kama petroli. Lakini ikiwa nyingi inaunguza macho na mapafu, na inaua. Tarehe 24 Machi 1992, Dakar, Senegal, tangi la lori lililojazwa amonia kupita kiasi lilipasuka kwenye kiwanda cha mafuta ya karanga. Watu 129 walikufa na zaidi ya 1,000 waliumia. Wengi hawakuwa wafanyakazi wa amonia, walikuwa watu wa karibu tu na hapo. Ikimwagika baharini inayeyuka kwenye maji na kuua samaki.

Viwanda vya mbolea vya Ghuba, kuanzia Mesaieed mpaka Ruwais na Sur, vimekaa na gesi hii miaka mingi, kwa hivyo ujuzi wa kuilinda upo. Tafauti ni hii: kiwandani anayeishika ni mtu aliyefunzwa, amevaa barakoa, na uzio umemtenga na mtaa. Ikiwa mafuta ya meli, itaingia kwenye bandari zenye abiria, chumba cha injini chenye mabaharia wa kila nchi, na mabomba ya kujazia usiku na mchana. Tahadhari kabla ya hatari. Nchi inayotaka kuuza amonia iwe ya kwanza kufunza watu wake namna ya kuishi nayo.

Na shamba la ndugu zetu?

Jambo la mwisho linawagusa khasa wale ambao bado wana jamaa Pemba, Mombasa, Tanga au bara.

Karibu asilimia 70 ya amonia ya dunia inakwenda kwenye mbolea, na inakadiriwa kuwa kama nusu ya watu duniani wanakula chakula kilichooteshwa kwa mbolea hiyo. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, bei ya mbolea ilipanda mpaka Tanzania na Kenya zikalazimika kuweka ruzuku ili mkulima aweze kununua mfuko. Sasa meli zikianza kunywa amonia, zitakwenda sokoni kushindana na mahindi. Mwenye meli na mkulima wa ekari mbili wakigombea tani moja, tunajua nani atashinda.

Ndiyo maana amonia ya mafuta lazima iwe mpya, iliyoongezwa juu ya iliyopo, wala isiwe imenyang'anywa shambani. Teknolojia hiyo hiyo inaweza kumsaidia mkulima pia. Kenya, upande wa Naivasha, shamba moja limewekewa mtambo mdogo unaotengeneza amonia ya mbolea kwa umeme wa jua pale pale shambani, bila ya kusubiri meli. Mitambo ya namna hiyo ikishuka bei, ndugu zetu watapata faida ya kweli katika mambo haya.

Kwa wazazi na vijana

Wazazi wengi wanauliza kama mtoto asome haidrojeni. Jawabu langu ni hili: asome misingi, asisome jina. Uhandisi wa kemikali, umeme, mitambo ya meli, uchomeleaji wa mabomba ya shinikizo, usalama wa viwanda. Ujuzi huo utamlisha amonia ikishinda, na utamlisha amonia ikishindwa. Fundi anayejua kuziba bomba la gesi bila kuvuja hakosi kazi Sohar wala Salalah wala Dar es Salaam. Na mabinti wasiachwe nyuma: maabara na chumba cha kuongozea mitambo havihitaji misuli, vinahitaji kichwa kilichotulia.

Na sisi wengine tunaosoma khabari tu, tukisikia tena kwamba amonia itatupa nishati safi, tuulize mambo matatu. Imetengenezwa kwa nini: gesi, au jua na upepo? Inakwenda kutumika wapi: kwenye meli na safari ndefu ambako hakuna njia nyengine, au mahali ambapo waya na betri vingetosha? Na nani anaishi karibu na tangi, ameshafunzwa nini? Mwenye mradi mzuri atayajibu yote matatu kwa tarakimu, bila kuona vibaya kuulizwa.